Sabuni ya mawese inayokwangua kiangazi na kutoka jasho masika

Swali: Shikamoo mama. Nakuandikia kutoka Kasulu. Tangu mwaka juzi natengeneza sabuni ya mawese hapa nyumbani, ya kufulia na ya kuogea, na inayobaki nawauzia majirani. Kanuni yangu ni moja siku zote: dumu la lita 5 la mawese, kostiki soda robo tatu kilo ninayopimiwa sokoni, na maji lita 2. Kiangazi inatoka ngumu lakini watu wanalalamika inakwangua mikono. Masika inatoka laini, ina mafutamafuta, inatoka jasho, na baada ya miezi miwili inanuka. Jirani ananiambia mkono wangu haupatani na mvua. Sasa nina ndoo nzima ya vipande vibovu na mvua ndiyo hizo zimeanza. Nifanye nini? Na je, iko siku nitaweza kuuza dukani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na jirani, maana neno lake linaweza kukukatisha tamaa kuliko sabuni yenyewe. Mkono wako hauna kasoro. Isome tena barua yako, utaona nusu ya jibu umeshaliandika mwenyewe: kinachokwangua mikono kiangazi na kinachoacha mafuta masika ni kitu kimoja, kostiki soda. Kiangazi inazidi, masika inapungua. Kipimo hukubadilisha, lakini soda iliyomo ndani ya mfuko ilibadilika.

Tuhesabu pamoja. Lita 5 za mawese zina uzito wa kilo 4.5 hivi, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Kila kilo ya mawese inahitaji gramu 141 hivi za kostiki soda safi ili yote igeuke sabuni lisibaki tone. Kwa dumu lako hiyo ni kama gramu 635. Lakini hatufiki mwisho huo. Kwa sabuni itakayogusa ngozi tunapunguza soda kwa asilimia 5, mafuta kidogo yabaki bila kuliwa, yawe kinga ya mikono. Kwa hiyo kilo moja ya mawese inapewa gramu 134, na dumu zima gramu 603. Wewe unaweka 750. Soda ikiwa mpya na kavu, kama ilivyo Julai na Agosti, zaidi ya gramu 110 zinakosa mafuta ya kula na zinabaki ndani ya sabuni zikisubiri mikono ya mama anayefua. Hao wanaolalamika wanasema kweli, na ningekuomba usiwauzie tena sabuni hiyo mpaka uirekebishe kwa namna nitakayoeleza.

Sasa njoo masika. Kostiki soda ina tabia mbili ambazo muuzaji wa sokoni hakuelezi. Ya kwanza, inanywa unyevu wa hewani. Iache kwenye kisahani siku ya mvua, baada ya muda mfupi utaikuta imelowa. Ya pili, inakamata hewa ile ile tunayoitoa puani tukipumua, na ikishaikamata inageuka kuwa kitu cha jamii ya magadi. Magadi unayajua kazi yake jikoni. Kuyageuza mawese kuwa sabuni hayawezi, labda yale mafuta yaliyokwisha kuchacha. Mfuko wa soda uliofunguliwa sokoni tangu Septemba, ukachotwa kila siku na kufungwa kwa kamba, mpaka Desemba una soda, maji na magadi pamoja. Mizani ya muuzaji inasoma robo tatu kilo na wala hakuibii. Lakini chukulia robo ya uzito huo imeshakuwa maji na magadi: soda ya kweli uliyopata ni gramu 560 hivi. Hapo karibu nusu kilo ya mawese inabaki ndani ya sabuni kama mawese tu. Hayo ndiyo mafutamafuta unayoyaona, na hayo ndiyo yanayochacha na kunuka baada ya miezi miwili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hujagusa mawese tena, ni soda na mizani. Kostiki soda ya vipande husafirishwa kwenye mifuko ya kilo 25 iliyofungwa vizuri kiwandani. Mfuko mzima ni mwingi kwa mtu mmoja, lakini tafuta wenzako watatu wanne wanaotengeneza sabuni, mnunue pamoja mwezi Juni au Julai hewa ikiwa kavu, muufungue siku hiyo hiyo na kuugawa palepale kwenye vyombo vya plastiki ngumu vyenye mdomo mpana na mfuniko wa kukaza. Jaza chombo mpaka juu, hewa ndani iwe chache. Ukifungua chombo masika, chota unachohitaji na ufunge kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Soda ikiwa nzuri vipande vyake vinachezacheza ukitikisa chombo, havishikani, na ukivitia kwenye maji joto linapanda kwa ghafla mpaka chombo hakishikiki. Ikiwa imeganda mabonge, imevaa unga mweupe, na maji yake yanapata uvuguvugu tu, hiyo imechoka. Usijaribu kuifidia kwa kuongeza kwa kukisia. Kasugulie sakafu ya choo.

Mizani ya jikoni ya betri, inayosoma gramu mojamoja, ndiyo kifaa cha kwanza ambacho ningekusihi ununue, kabla ya kuwaza rangi au manukato. Pima kila kitu kwa uzito: mawese, soda, hata maji. Kopo, kikombe na dumu ni vya kubebea. Dumu la lita 5 lililojazwa mpaka shingoni na lile lililopungua vidole viwili vinatofautiana vya kutosha kuiharibu sabuni.

Na chombo cha soda, nakuomba sana, kikae juu, kimefungwa, kimeandikwa. Kamwe usiweke soda wala maji yake kwenye chupa ya soda ya kunywa au ya maji. Mtoto hajui. Akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu ikirudi juu inaunguza koo mara ya pili. Ikikurukia ngozini, maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, bila siki wala limau. Ikiingia jichoni, fanya hivyo hivyo na uende hospitali hata kama maumivu yametulia. Vaa glavu za mpira na miwani. Sababu ya kulisisitiza hili ni kwamba sabuni ni kazi ya nyumbani, na nyumbani ndiko waliko watoto.

Jambo jingine ambalo hukulitaja, lakini nalikuta karibu kila nyumba: sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki soda inaila alumini, inachemka nayo na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Kwa soda tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Mawese peke yake unaweza kuyapasha kwenye sufuria yako ya kawaida, ila soda isiingie humo.

Sasa mawese. Hapa pia msimu una neno, na wewe wa Kasulu unaliona kuliko sisi wa huku chini Ujiji, maana Juni na Julai asubuhi zenu ni baridi. Mawese yakipoa hujigawa: sehemu nzito ya njano inashuka chini na kuganda, nyekundu nyepesi inaelea juu. Ukimimina kutoka juu ya dumu bila kulipasha unapata mafuta mepesi, na sabuni yake ni laini hata soda ikiwa sawa. Anayekuja kumimina ya chini anapata sabuni ngumu kama ubao. Dumu moja, sabuni mbili. Liweke dumu juani au kwenye beseni la maji ya moto mpaka yote yayeyuke, ukoroge, ndipo upime.

Mawese ya kukamuliwa kienyeji huwa pia na maji na makapi, hasa masika, chikichi zinapovunwa zimelowa. Yapashe kwa moto mdogo mpaka yaache kutatarika, yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi. Maji yaliyofichika kwenye mawese unayalipia kama mafuta, na yanavuruga hesabu yako yote. Yaliyokwisha kuchacha yanafaa kwa sabuni ya kufulia, lakini ujue yanashika haraka mno, unakoroga mara chache yameshakuwa uji mzito. Uwe na sanduku tayari pembeni.

Ukiweza kupata mafuta ya mise, yaani ya kiini cha kokwa ya chikichi, changanya. Mawese peke yake hutoa sabuni ngumu na ya kudumu, ila povu lake ni jembamba. Mise ndiyo inayoleta povu. Gramu 800 za mawese na 200 za mise zinataka gramu 140 za soda, kwa kuwa mise inakula soda zaidi ya mawese. Kupasua kokwa ni kazi nzuri ya siku za mvua, watu wamekaa barazani, na mwenye michikichi yetu ya asili, ile yenye ganda nene, ana kokwa za kutosha. Miche ya tenera, michikichi chotara inayogawiwa mkoani tangu serikali ilipoanza kuhimiza zao hili mwaka 2018, na ambayo watafiti wa kilimo wa taasisi ya TARI, kituo cha Kihinga hapa Kigoma, wanaizalisha, ina nyama nyingi na ganda jembamba; itakupa mawese mengi zaidi kwa shada moja. Mimi ningebakiza michikichi michache ya zamani kwa ajili ya mise. Ukikaanga mise kabla ya kuzitwanga, mafuta hutoka meusi na sabuni inakuwa ya kahawia. Haina ubaya.

Kuchanganya kwenyewe unakujua, basi nitagusa yale yanayobadilika na majira tu. Maji: kwa kilo moja ya mawese, kiangazi weka gramu 330; masika punguza mpaka 270. Lita zako 2 kwa dumu zima zilikuwa nyingi, na masika maji ya ziada hayana pa kwenda. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote, na hii ndiyo zawadi ya masika kwa mtengeneza sabuni. Acha mvua za kwanza zioshe bati, kisha kinga na uhifadhi ndoo kadhaa. Maji ya ziwa huku kwetu Ujiji na Kibirizi yana madini mengi, na visima vingine pia; sabuni ikikutana na madini hayo inatengeneza utando badala ya povu.

Soda inatiwa kwenye maji, kidogokidogo, nje, upepo ukiwa nyuma yako. Maji hayamwagwi juu ya soda hata siku moja, yatakurukia usoni. Subiri yapoe mpaka yawe na joto unalolivumilia ukigusa ndoo kwa nje, na mawese nayo yawe hivyo hivyo, nyuzi 45 hadi 50 kama una kipimajoto. Katika baridi ya Juni watu wengi wanaharibikiwa hapa: mawese yakiwa yamepoa mno yanaanza kuganda wakati unakoroga, mchanganyiko unaonekana mzito, unaumimina ukidhani umeshika, kesho yake unakuta maji ya soda yamejitenga chini. Uzito ule ulikuwa wa baridi. Ukiona umekuwa mzito kabla ya wakati, weka ndoo kwenye beseni la maji ya moto na uendelee kukoroga. Kama ulikuwa wa baridi utalainika. Kama sabuni imeshika kweli hautarudi nyuma.

Chumvi nayo inaisaidia sabuni kuwa ngumu. Gramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mafuta, uziyeyushe kwenye maji kabla ya kutia soda. Ukizidisha, povu linakufa. Sisi wa Kigoma tuna chumvi yetu ya Uvinza, na hiyo inatosha kabisa.

Ukishamimina, funika sanduku kwa nailoni na blanketi kwa siku moja na nusu hadi mbili. Kufunika kunazuia ule unga mweupe unaoota juu. Ukiuona hata hivyo usiogope, ni soda ya juu iliyokutana na hewa ikawa magadi. Ukwangue kwa kisu. Kata siku ya pili kiangazi, siku ya tatu au ya nne masika. Ukikawia sana kiangazi itakuwa ngumu mpaka kisu kiivunje.

Halafu inakuja sehemu ambayo haraka ya pesa inawashinda wengi, kukausha. Panga vipande kwenye kichanja cha fito au matete, ndani ya nyumba, pasipo jua, visigusane, na uvigeuze kila wiki. Jua linaichuna rangi nzuri ya mawese na kuipasua sabuni. Jikoni kwenye moshi pananukisha, na karibu na dagaa ndiyo usithubutu. Kiangazi wiki 4 zinatosha; masika nipe 6, hata 8. Njia ya kujua ni kupima kipande kimoja kila wiki na kuandika uzito wake. Kila wiki utapungua. Siku uzito unapokoma kupungua, sabuni imekauka, kalenda iseme isemavyo.

Na lile jasho? Sehemu yake ni mafuta yako yaliyobaki, lakini hata sabuni iliyopimwa vizuri inaweza kutoka matone masika. Mawese yakigeuka sabuni yanazaa pia glisirini, inayobaki humo humo, na glisirini inavuta unyevu wa hewani. Inailinda ngozi, kwa hiyo usiichukie. Usikifunge kipande chenye matone kwa nailoni, utakuwa umelifungia jasho ndani. Kifute kwa kitambaa kikavu, ukirudishe kwenye kichanja siku ya upepo. Iliyokauka kabisa ifunge kwa karatasi ya kaki, uiweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko, uifunike siku isiyo na mvua. Gazeti linaacha wino.

Ningekuwa wewe, sabuni yote ya kuogea na ya kuuza ningeitengeneza Juni hadi Septemba na kuiweka akiba ya mwaka. Masika ningetengeneza ya kufulia tu, kidogokidogo, na muda mwingine ningeutumia kupasua mise. Soda kavu, hewa kavu, bei ya kukausha ni upepo wa bure. Kushindana na Januari kwa ajili ya mteja mmoja hakuna faida.

Sasa hiyo ndoo ya vipande vibovu. Usiitupe, na usiiyeyushe tu na kuimimina upya, maana ubaya utabaki ndani. Ichemshe kwa chumvi. Ni njia ya zamani ya viwanda vya sabuni, na inatibu maradhi yote mawili, ile ya kiangazi inayokwangua na ile ya masika yenye mafuta.

Tumia pipa la chuma lililokatwa au chungu kikubwa cha chuma, na usilijaze zaidi ya nusu kwa sababu sabuni inafura. Kwaruza vipande kwa kikwaruzio cha nazi au uvikate vyembamba. Kwa kila kilo ya sabuni tia lita 2 za maji, chemsha taratibu ukikoroga mpaka uwe uji laini. Ikiwa ni ya masika, yenye mafuta, yeyusha gramu 20 za soda nzuri kwenye gramu 60 za maji, uanze kutia kidogokidogo, uchemshe nusu saa kila unapoongeza. Chukua tone kwenye kijiko, likipoa kabisa liguse kwa kidole kilicholowa na upeleke kwenye ncha ya ulimi, mguso tu. Halikuumi, ongeza. Likikuuma kidogo na likabaki hivyo hata baada ya nusu saa nyingine ya kuchemka, mafuta yote yameliwa na soda imeanza kubaki. Acha hapo. Ile ya kiangazi haihitaji soda yoyote, inauma tayari. Anza na hatua inayofuata.

Tia chumvi, gramu 200 hadi 250 kwa lita zile 2, kwa konzi ndogondogo huku unakoroga. Utaona uji unabadilika mbele yako: unakatikakatika, unakuwa mabongebonge yanayoelea, na chini yanabaki maji ya hudhurungi. Sabuni haikai kwenye maji ya chumvi, inajitenga. Soda ya ziada, glisirini na uchafu vinabaki kwenye maji yale. Zima moto, funika, acha usiku kucha. Asubuhi unakuta sabuni imeganda juu. Iinue, mwaga maji ya chini mbali na kisima na mbali na migomba. Kama ilikuwa imezidi soda sana, rudia mara moja kwa maji mapya na chumvi. Mwisho iyeyushe na maji kidogo sana, nusu kikombe kwa kilo, uisindilie sandukuni ikiwa ya moto.

Sabuni hii haitakuwa na sura laini ya ile ya kwanza, ina chembechembe. Lakini ni ngumu, haiumi, na kwa sababu glisirini imetoka haitoki jasho hata mvua ya Machi. Mimi kwa kufulia naipenda kuliko zote. Kwa kuogea itakukausha ngozi, usimpe mtoto. Na ona jinsi mkoa wetu ulivyokamilika: chemchemi za Uvinza, kando ya mto Ruchugi, zimechemshiwa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na kazi hiyo nayo ilifanyika kiangazi, kwa kuwa masika maji ya mto yalizifunika chemchemi. Mawese na chumvi, vyote viwili tunavyo nyumbani.

Labda utaniuliza, soda ikipanda bei je, majivu? Yanawezekana. Majivu ya mashada matupu ya chikichi na ya maganda ya ndizi yana nguvu sana. Unayachuja kwa maji ya mvua, unachemsha maji yake mpaka yapungue, ndipo unayapika na mawese. Lakini chumvi iliyomo kwenye majivu ni ya aina nyingine na kostiki soda, na sabuni yake haigandi. Inabaki laini kama uji mzito, ya kuchota kwa mkono. Inaosha vizuri sana vyombo na nywele. Kukata vipande haitakubali, kwa hiyo usiiingize kwenye hesabu ya biashara. Choma na ukusanye majivu kiangazi, uyafunike. Yakinyeshewa nguvu yote imekwenda ardhini.

Kuhusu duka, ndiyo, utafika, ila kwa mpangilio. Nunua daftari. Kila pishi liandike: tarehe, uzito wa mawese na yalikotoka, uzito wa soda na siku chombo kilipofunguliwa, maji, hali ya hewa, uzito wa kipande wiki kwa wiki. Ukiwa na mapishi ya kiangazi kizima yanayofanana, nenda ofisi ya SIDO mkoani. Shirika hili liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya wenye viwanda vidogo kama wewe, wanafundisha sabuni na watakuelekeza namna ya kwenda TBS, shirika la viwango, kuomba alama ya ubora. Wakikuuliza unapimaje, weka daftari mezani. Mpaka hapo waendelee majirani kuinunua, na wale uliowauzia ile ya kiangazi wape kila mmoja kipande cha ile ya chumvi bure, uwaambie kilichokuwa kibaya na kilichorekebishwa. Ukianza na pishi jipya wiki hii, lianze dogo: kilo 1 ya mawese, gramu 134 za soda iliyofunguliwa leo, gramu 270 za maji ya mvua, gramu 10 za chumvi. Uniandikie uzito wa kipande chake baada ya wiki 6.